Kwa Chupa Hapana Watu

20 Machi

Leo nimesikia kwamba sipo.

Nilikuwa nasugua mabirika ya shaba dukani kwa Bwana Huzaifa, Ndia Kuu ya Mji wa Kale, televisheni ikisema peke yake kama kawaida yake. Afisa mmoja wa ardhi, amevaa tai, alikuwa amesimama mbele ya ramani akieleza habari za maghala mapya yatakayojengwa upande wa Kibarani. Akaweka kidole mahali hasa tunapokaa. "Hapa ni ardhi tupu," akasema. "Hapana watu. Hakuna atakayesumbuliwa."

Bwana Huzaifa akanigeukia. "Mejumaa, si huko ndiko mnakokaa wewe na mzee wako?"

"Ndiko."

"Mbona asema hapana watu?"

"Labda alipita sisi tumelala," nikasema. Akacheka, nami nikacheka. Lakini lile birika nililisugua mpaka mkono ukaniuma.

Mtaa wetu waitwa Kwa Chupa. Waliotutangulia waliishi kwa kuokota chupa wakati jaa la mji lilipokuwa hapo. Jaa likafungwa, chupa zikaisha, watu wakabaki. Tuna kanisa la mabati, tuna msikiti wa mabati, tuna bomba moja la maji. Mimi nilimzaa Mahira hapa. Sasa yuko Kwale kwa mamangu, anasoma.

Jioni nilimweleza mume wangu, Mung'aro. Alikuwa akivua viatu. "Maneno ya televisheni hayo," akasema, akaendelea na viatu. Si mtu wa maneno mengi, lakini jambo la kutugusa huuliza mara ya pili. Leo hakuuliza. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

22 Machi

Bomba limekauka.

23 Machi

Bado. Tumefuturu kwa maji ya kununua, ya mkokoteni. Yana chumvi hata uji umekataa sukari.

25 Machi

Mzee Chengo, mwenyekiti wetu, alikwenda ofisi ya maji akarudi na uso mrefu. Alitukusanya mbele ya kanisa.

"Wameniambia maji hayapelekwi mahali pasipo na watu," akasema.

"Nawe ukawaambiaje?" akauliza Kadzo, jirani yangu, ambaye mlango wake waangaliana na wangu.

"Nikawaambia mimi natoka huko."

"Ungewaambia wewe ni pepo, wangekuchomea ubani."

Watu wakacheka. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Kuna mtu ametuuza." Kicheko kikakatika pale pale. Kila mtu akamtazama mwenziwe, na mwenziwe akatazama chini. Mimi nikamtazama Lewis.

Huyu Lewis ni mtu wa Taveta, alihamia kwetu baada ya mwaka mpya. Anakaa peke yake chumba cha mwisho karibu na mikoko. Viatu vyake vyeusi vinang'aa hata sisi tukiwa na matope magotini. Hutoka jioni akarudi asubuhi. Ukimwuliza afanya kazi gani, hujibu, "Za mjini." Mjini pana kazi nyingi, na nyingine ni kuwaandika wenzako majina kwa wakubwa.

27 Machi

Mvua ya kwanza. Tumekinga ndoo, sufuria, hata bakuli la unga. Kadzo amecheza mvuani na binti yake Ketty kama watoto wawili.

31 Machi

Idd. Nimepika pilau ndogo, nikagawa kwa majirani, Mwislamu na Mkristo. Sahani moja nikampelekea Lewis. Alifungua mlango kiasi cha uso wake. "Asante, dada. Idd njema," akasema, akapokea kwa mikono miwili, akafunga. Hakunikaribisha. Pale mlangoni palitoka harufu ya dawa kali, kama ile ya kusafishia vyoo vya ofisi kubwa.

Sahani ameirudisha jioni, imeoshwa ikatakata. Kadzo asema, "Mtu msafi vile ana analolificha."

4 Aprili

Asubuhi nikielekea kazini nimeliona kwa macho yangu. Gari jeupe la serikali lilisimama barabarani, Lewis akashuka mlango wa mbele. Dereva akampungia mkono kama rafiki akiagana na mwenzake. Lewis akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Umeamkaje, Mama Mahira?"

"Salama."

Ningeweza kumwuliza. Tulikuwa wawili tu njiani. Nilimwacha apite, nikarudi nyuma mpaka kwa Kadzo nikamwambia niliyoyaona, kisha ndiyo nikaenda kazini. Nimechelewa na Bwana Huzaifa hakufurahi.

5 Aprili

Kila mtu anajua sasa. Wengine wanasema gari lilikuwa na polisi watatu. Mimi sikusema polisi.

8 Aprili

Wamemtoa Lewis.

Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri. Walikwenda wanaume, na wanawake nyuma yao, nami nikiwa kati ya wanawake. Mzee Chengo alibisha mlango kwa heshima. Lewis akatoka na fulana, macho yana usingizi.

"Bwana Lewis," Mzee Chengo akamwambia, "watu wanataka kujua kazi yako."

"Kazi yangu haimdhuru mtu."

"Basi itaje."

Akatutazama. Macho yake yalipofika kwangu yalikaa kidogo. "Nikiitaja mtanitoa," akasema. "Nisipoitaja mtanitoa."

Mtu mmoja akapiga bati kwa rungu, mwingine akapaza sauti, "Mpelelezi!" Nilidhani wangempiga, nikashika mkono wa Kadzo. Hawakumpiga. Lewis aliingia ndani, akakunja godoro, akaliweka kichwani, akachukua begi na vile viatu vyake mkononi. Alipita katikati yetu peku, matope yakimfika kwenye vifundo. Hakutukana. Godoro lilikuwa linanyonya maji na kuzidi kumlemea, na hakuna aliyemsaidia mpaka akatokomea barabarani.

Jioni mtaa ulikuwa mchangamfu kama baada ya harusi. Mung'aro hakwenda kumtoa Lewis. Nilipomsimulia akasema, "Mmefanya vibaya." Nikamwuliza ajuaje. Akageukia ukuta.

10 Aprili

Bomba bado kavu. Basi Lewis hakuondoka nalo.

11 Aprili

Upande wa reli wameanza kusimamisha nguzo za ua, za saruji. Zinakuja taratibu kuelekea kwetu.

15 Aprili

Viganja vya Mung'aro vimetoka malengelenge. Miaka yote hii anapakua makontena yadi ya Changamwe na viganja vyake vimekomaa kama soli. Nimemwuliza. "Kuna mizigo mipya," akasema. Suruali yake ina udongo mwekundu, na yadi imemwagwa lami nzima.

Nimefua ile suruali. Maji ya mkokoteni yote yamekwisha kwa udongo ule.

16 Aprili

Ametoka kabla sijaamka. Hakunywa chai.

17 Aprili

Nikimtaja Mzee Chengo au ule ua wa relini, Mung'aro anainuka kutazama paa kama panavuja. Panavuja kweli, lakini si pale anapotazama.

Nimefikiri mwanamke. Nimefikiri pombe. Kisha nimefikiri lile ambalo kila mtu Kwa Chupa anamfikiria mwenzake, nikajikemea. Halafu nikalifikiria tena.

19 Aprili

Mji wa Kale ulijaa maji leo, wageni hawakuja, Bwana Huzaifa akafunga duka mapema. Nikashukia Makupa na kukata njia ya reli, niwahi nyumbani kabla mvua haijarudi.

Vibarua walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo. Mmoja alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, anatupa udongo mwekundu juu. Mgongo wa mume wangu naujua hata ukinionyesha kivuli chake ukutani. Amevaa buti za mpira ambazo nyumbani sijaziona.

Nimesimama nyuma ya behewa bovu. Msimamizi alipita, akamwambia kitu, Mung'aro akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniuma kuliko shimo.

Nimerudi nyumbani, nikapika, akaja, akala. Nikamwuliza, "Yadi kulikuwaje?"

"Mvua tu," akasema.

20 Aprili

Pasaka. Wakristo wameimba tangu asubuhi. Sina la kuandika na nina mengi.

23 Aprili

Watu wanaharisha mtaani. Mzee mmoja, baba wa fundi cherehani, amepelekwa hospitali na hajarudi. Wengine wanasema ni maji ya mkokoteni. Wengine wanasema Lewis alitia kitu kisimani kabla ya kuondoka. Sisi hatuna kisima.

25 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Nitajaribu kuyaweka kwa mpango.

Jana mchana Kadzo alikuwa anamsuka Ketty mlangoni. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa, mtoto akasema tumbo. Kufikia alasiri alikuwa analegea kama kitambaa, macho yameingia ndani, anatoka maji meupe yasiyokatika. Mung'aro alikuwa ndiyo kwanza anafika. Hakuuliza kitu. Akamfunga Ketty mgongoni kwa leso yangu akatoka mbio, sisi wawili nyuma yake. Mvua ilikuwa inapiga, njia ya kawaida imegeuka mto. Yeye akatupitisha kwenye nguzo mpya, akijua shimo lipi limefunikwa na lipi liko wazi, hata hatukuteleza. Kadzo hakulitambua hilo. Mimi nililitambua.

Hospitali nesi alikuwa mmoja kwa benchi zima. Kifuani ameandikwa Beverly. Alianza kubofya kompyuta huku akimfunua Ketty jicho.

"Mwakaa wapi?"

"Kwa Chupa," Kadzo akasema.

Akabofya, akabofya tena. "Kwa Chupa haimo."

"Haimo wapi?"

"Humu. Mashini yataka nichague mtaa, na huo haumo. Nitaandika msafiri."

"Mtoto wa miaka minne," Kadzo akasema, "asafiri kwenda wapi?"

Beverly akatutazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Dada, nisipojaza hapo haitanifungulia dawa. Niwie radhi." Akaandika msafiri. Akajaribu kumwekea maji ya mshipa, akamshughulikia kama wake, hilo siwezi kulikana. Lakini mshipa ulikuwa umeshajificha. Ketty alifariki kabla ya Magharibi, Kadzo akimwambia ngoja nikumalizie nywele.

Leo asubuhi tukaenda chumba cha maiti. Kadzo hakuweza kuingia, akakaa kwenye ngazi na Mung'aro. Nikaingia mimi.

Aliyenifungulia ni Lewis.

Amevaa aproni ndefu ya mpira na buti nyeupe, na ile harufu ya dawa imemzunguka.

"Karibu, Mama Mahira," akasema. "Pole sana. Yuko huku."

Ketty alikuwa ameoshwa na kufunikwa shuka safi mpaka kidevuni. Nywele zote zilikuwa zimesukwa. Upande mmoja ni mkono wa Kadzo, umelala sawa. Wa pili umekwenda kombo, misuko mingine minene, mingine myembamba.

"Nani amemsuka?"

"Mimi. Sijui kusuka. Niliona vibaya kumwacha nusu."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia kazi yake.

"Mtaa wa kwanza niliwaambia," akasema. "Wakakataa kunywa kikombe nilichokigusa. Wa pili vivyo hivyo. Kwenu nilitaka niishi tu." Gari jeupe, akaniambia, ni la hospitali, hubeba maiti, na dereva humshusha njiani kukiwa na mvua.

Kisha akasema jambo la pili, kwa sauti ya chini. "Watu wenu wamekuwa wengi humu wiki hii. Nawajua kwa nyuso. Wote wameandikwa wasafiri. Mkubwa akisoma, aona hakuna mtaa wenye ugonjwa. Ndiyo maana hamletewi dawa ya maji."

Nililolipata la kumwambia ni "Asante." Akaitikia kwa kichwa akaenda kumwita Mung'aro wasaidiane kubeba.

Nje, Kadzo aligusa misuko ile ya kombo akauliza ni nani. Nikamwambia. Alilia upya, na kilio hiki kilikuwa na sauti nyingine.

27 Aprili

Tumemzika Ketty kwao Kadzo, Kaloleni. Mvua ilisimama wakati wa maziko tu.

28 Aprili

Nimemwambia Mung'aro, "Nilikuona kwenye shimo."

Alikuwa anakula. Akasukuma sahani. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na ulinyamaza?"

"Nilijifunza kwako."

Akanawa mikono. Halafu akaniambia yadi iliwaachisha kazi watu wengi mwezi wa Februari, naye akiwamo. Ilipokuja kazi ya ua hakujua unakwenda wapi. Alipojua, alikuwa ameshachimba nusu. "Nikasema nikiacha atachimba mwingine, na sisi tutakula nini? Kisha nikaona haya. Haya ikizidi mtu huwa bubu."

"Ni nani aliyetuuza?" nikamwuliza. "Wewe uko nao. Lazima umesikia."

"Nimetega sikio tangu siku ya kwanza." Akatingisha kichwa. "Hakuna aliyetuuza, Mejumaa. Wana picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani, jaa likiwa bado jaa. Yaonyesha takataka. Hakuna aliyekuja kutazama tena. Kuuzwa si mpaka uulizwe bei?"

Sikumwamini palepale. Ningependa awepo msaliti mmoja, hata kama ni Mzee Chengo, hata kama ni yeye. Mtu mmoja unaweza kumtoa na godoro lake.

3 Mei

Mzee Chengo ametuita tena. Wageni watakuja kutazama ardhi, wenye fedha za yale maghala. Yeye ameombwa, asema, atuombe: siku moja tu tukae mbali mpaka jioni. Tusiwashe moto, tusianike nguo, tuwafungie kuku ndani.

"Na kisha?" mtu akauliza.

"Wameniahidi bomba."

Neno bomba liliwapita watu kama upepo. Koo zimekauka, hakuna wa kuwalaumu. Wengi wamekubali. Watakwenda Mwembe Tayari, wakae stendi ya mabasi kama wasafiri kweli.

Mimi nilikuwa namchungulia Mzee Chengo usoni nione alicholishwa. Niliona mzee aliyechoka tu. Lakini sina hakika tena na macho yangu.

Kadzo alisema, "Mimi nimetoka kuzika. Sitoki tena."

6 Mei

Asubuhi Mung'aro aliniambia, "Usikae leo. Nenda kazini." Nikajua leo ni siku ya kukaa. Nilimpigia Bwana Huzaifa kwamba sitafika. "Wewe mgonjwa?" akauliza. "La," nikasema, "mimi mzima." Akasema, "Vema. Kaa."

Mtaa ulikuwa umenyamaza kama mdomo uliozibwa. Nilivuka kwa Kadzo nikamkuta ameketi mlangoni, amewasha jiko la kuni, anapika maharagwe. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulipanda mnene, ukasimama juu ya mabati yetu mahali pa watu wote kuuona.

Wakaja na miamvuli na kofia ngumu. Yule afisa wa televisheni alikuwa mbele, mfupi kuliko nilivyomdhania. Nyuma yake wageni, mmoja mwanamke wa makamo aliyekuwa anauliza maswali kwa Kiingereza, akionyesha moshi. Afisa akamgeukia msimamizi wa ua.

"Hawa ni nani?"

"Ni wapishi, bosi," msimamizi akasema. "Wapikia vibarua wa ua."

Afisa akawaelezea wageni. Wapishi. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na nikaona jinsi itakavyokuwa: watageuka, watapanda magari, nasi tumekwisha kuwa wapishi.

"Mimi si mpishi wa mtu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama, tulia kidogo," afisa akasema, anatabasamu. "Tutazungumza baadaye."

"Baadaye na nani? Ulisema hapana watu."

Askari mmoja akanisogelea. Hapo nikasikia sepetu ikianguka juu ya mawe. Mung'aro alikuwa amepanda kutoka shimoni, matope mpaka kifuani. Alitembea mpaka akasimama kati yangu na askari.

"Huyu ni mke wangu," akasema. "Yule mama juzijuzi ametoka kumzika mwanawe, amekufa kwa kipindupindu. Nyumba yangu ni ile ya mlango wa samawati. Mashimo haya yote nimeyachimba mimi. Ukiyafuata kwa kamba yako, shimo la kesho liko chini ya kitanda changu."

Hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayeelekeza njia. Yule mwanamke mgeni akamwuliza mwenzake kasema nini, mwenzake akamtafsiria, na neno la kipindupindu lilipofika niliona wote wakirudi hatua nyuma. Afisa akaanza kueleza kwa haraka. Mwanamke hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa anahesabu paa kwa kidole.

Msimamizi alimwambia Mung'aro avue buti, ni mali ya kazi. Akazivua pale pale, akazipanga pamoja kando ya shimo. Tulikwenda nyumbani yeye peku na mimi nimemshika mkono, jambo ambalo hatujalifanya mbele za watu tangu tuoane.

Jioni wenzetu walirudi kutoka Mwembe Tayari. Wengine walitushukuru. Wengine walisema tumewakosesha bomba.

9 Mei

Redio imesema: "Kuna wavamizi wachache walioingia Kibarani hivi karibuni."

Kadzo akasema, "Tulikuwa hatupo. Kumbe tulikuwa twaja."

13 Mei

Beverly wa hospitali amekuja na wenzake wawili, wamebeba dawa ya kutia kwenye maji na maturubai. Wamepima kila mtu. Nikamwuliza mashini imekubali?

"Sasa mmo," akasema, hakunitazama. "Mmeandikwa Wavamizi, Kibarani."

"Dawa ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Basi tupe," akasema Kadzo.

18 Mei

Hakuna mgonjwa mpya. Mvua kubwa. Mung'aro anatafuta kazi.

20 Mei

Mzee Chengo haonekani nje. Nilimpelekea uji. "Shikamoo, mzee." Aliitikia akilia. "Niliahidiwa bomba, mwanangu," akasema. "Nilidhani nikiwapa siku moja watatupa zilizobaki." Nilikuja nikiwa na maneno makali. Nimemwachia uji na maneno nimerudi nayo.

30 Mei

Wamebandika tangazo mlangoni mwa kanisa na msikitini. Wavamizi wote wahame kabla ya mwisho wa Juni. Watu wanalia, watu wanatukana. Nimelichana moja nikaenda nalo Ndia Kuu kwa vile sikujua niende nalo wapi. Bwana Huzaifa alilisoma na kulirudia, akavaa kofia yake, akanipeleka ghorofani kwa wakili mmoja kijana, jirani yake, aitwaye Joy.

Joy akasoma akacheka, kisha akaniomba radhi kwa kucheka. "Mwezi wa Machi walisema hapana watu," akasema. "Sasa wawafukuza kina nani? Nileteeni watu watakaosimama kortini waseme wamekaa hapo miaka mingapi. Na anayejua waliokufa walitoka wapi."

Anayejua ni mmoja.

2 Juni

Nimekwenda chumba cha maiti. Lewis alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema nitaulizwa kwa nini nilinyamaza," akasema. "Naweza kupoteza kazi."

"Najua."

"Na nikisema, mtanywa kwenye kikombe changu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumjibu kwa ahadi. Badala yake nikaona kikombe chake cha chai juu ya dirisha, nusu. Nikakichukua nikanywa. Ilikuwa imepoa na haina sukari.

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja. Nimeondoka simwamini, naye nadhani haniamini.

12 Juni

Kesi imeahirishwa. Lewis hakuonekana.

17 Juni

Alikuja. Ameketi benchi la nyuma, viatu vinang'aa. Mzee Chengo alisimama kwanza, akasema yote hata lile la kutuficha. Kadzo akasema jina la Ketty mara moja tu. Lewis alipoitwa aliwataja waliokufa mmoja mmoja na nyumba walizotoka.

Hakimu amesimamisha kuhamishwa mpaka kesi isikilizwe, mwezi wa Septemba. Joy asema tusisherehekee. Nje Kadzo alimwendea Lewis akamwambia chumba chake bado kitupu, na akikaa huko mikokoni peke yake atajiona kafukuzwa tena, basi ahamie upande wetu. Lewis akasema atafikiri.

22 Juni

Lewis ameleta begi. Godoro asema litafuata. Wako wasiomsalimu bado, nimewaona.

24 Juni

Jua tangu asubuhi, matope yameanza kupasuka. Bomba kavu.

Mung'aro amepata kibarua cha kubeba samani Mwembe Tayari, kwenye hoteli inayohama. Ameniambia mwenyewe kabla sijamwuliza, na jina la hoteli, na saa ya kurudi. Nikasema haya, nenda salama. Nikamwacha atoke. Kisha nikajifunga leso nikamfuata kwa mbali mpaka Makupa, kutoka Makupa mpaka stendi, nikasimama nyuma ya kibanda cha muuza miwa.

Aliingia hoteli ile aliyoitaja. Akatoka amebeba kabati na mwenzake, uso umejaa jasho. Nikanunua muwa kwa haya, nikarudi nyumbani nikautafuna njia nzima.